Félicité Niyitegeka, Mama wa Gisenyi Ambaye Hakuacha Lindo

Kila askari aliyepitia mafunzo, awe wa jeshi au wa polisi, anaifahamu sheria ya lindo. Mlinzi akishawekwa mahali pake haondoki kwa sababu ya mvua, wala kwa sababu ya usingizi, wala kwa sababu ya hofu. Huondoka pale tu ajapo wa kumpokea, au anapoamriwa na mkuu mwenye haki ya kumwamuru. Sheria hiyo ni rahisi kuikariri uwanjani mchana kweupe. Ugumu wake hudhihirika usiku wa manane, mlinzi awapo peke yake, na hasa pale mtu ampendaye anapompelekea habari kwa wema wote kwamba njia ya kuokoka ingali wazi.

Leo tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyelishika lindo la namna hiyo mpaka mwisho. Hakuwa askari. Hakuwa na cheo, wala bunduki, wala kikosi nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa miaka ipatayo sitini, mtumishi wa Kanisa katika mji wa Gisenyi, kaskazini magharibi mwa Rwanda. Jina lake ni Félicité Niyitegeka. Aliuawa tarehe 21 Aprili 1994, na leo taifa la Rwanda linamhesabu miongoni mwa mashujaa wake.

Yafaa askari ayajue maisha ya mama huyu, kwa kuwa swali lililomkabili ni lile lile linaloweza kumkabili yeyote kati yetu. Je, mtu aliyemwamini Mungu ataishi vipi kwa matumaini pale ambapo waliomzunguka wamegeuza uovu kuwa kazi ya kila siku, na wema kuwa kosa la kuadhibiwa kwa kifo?

MJI ULIO MPAKANI

Gisenyi ni mji uliojengwa kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, chini ya kilima cha Rubavu. Ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo mtu hufika kwa miguu kwa dakika chache tu, umo mji wa Goma, nchini Kongo, ambayo mwaka 1994 ilikuwa bado ikiitwa Zaire. Nyuma ya Goma unasimama mlima wa moto wa Nyiragongo. Watu wa miji hii miwili wameuziana, wameoana na kuzikana tangu zamani, na Kiswahili husikika sokoni pande zote mbili. Tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2006, Gisenyi imo katika Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi.

Kwa mambo ya Kanisa Katoliki, Gisenyi ni sehemu ya Jimbo la Nyundo, ambalo kanisa lake kuu liko mwendo mfupi kutoka mjini, kando ya barabara ya kwenda Kigali. Mjini Gisenyi kwenyewe kulikuwa na Kituo cha Mtakatifu Petro, nyumba ya Kanisa ya kupokelea wageni na kufanyia mikutano ya waamini. Kituo hicho ndicho kilichokuwa chini ya uangalizi wa Bi Félicité. Kupokea wageni, kuwapa mahali pa kulala na kuhakikisha wamekula ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kawaida. Itaonekana hapa chini kwamba kazi hiyo hiyo ya kawaida ndiyo iliyokuja kuwa ushujaa wake.

KUZALIWA NA WITO WAKE

Félicité alizaliwa mwaka 1934 upande wa kusini mwa Rwanda, katika eneo lililojulikana baadaye kama mkoa wa Butare. Nchi ilikuwa wakati ule chini ya utawala wa Wabelgiji. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 watawala waliwahesabu wananchi na kuwagawia vitambulisho vilivyoandikwa kila mtu ni wa kundi gani: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wanyarwanda walikuwa na lugha moja, mila moja na Mungu mmoja waliyemwita Imana. Mipaka baina ya makundi hayo ilikuwa na historia ndefu, na mtu aliweza hata kuvuka kutoka kundi moja hadi jingine. Lakini wino ulipokauka juu ya kitambulisho, mipaka ile iliganda. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, lakini neno lile halikufutwa. Lilibakia katika vitambulisho mpaka mwaka 1994, na mwaka huo ndipo lilipotumika kama hati ya hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani.

Kwa hiyo Félicité alizaliwa katika miaka ile kitambulisho kilipozaliwa, na alikufa katika mwezi ule kitambulisho kilipofanya kazi yake mbaya kuliko zote. Tena jambo hili lisisahaulike: kwa mujibu wa kitambulisho chake, yeye alikuwa Mhutu. Hakuwa miongoni mwa waliokuwa wakitafutwa. Lau angekaa kimya ndani ya chumba chake, hakuna ambaye angemgusa.

Majina yake nayo yalibeba maana. Félicité ni neno la Kifaransa lenye maana ya heri au furaha kuu. Niyitegeka ni jina la Kinyarwanda linalomtaja Mungu, kwamba Yeye ndiye atawalaye, Yeye ndiye mwenye amri. Wazazi wengi wa Rwanda huwapa watoto wao majina ya namna hiyo, na huenda mtu akaishi na jina lake miaka mingi bila kuulizwa kama analisadiki. Bi Félicité aliulizwa.

Alipokuwa mtu mzima aliitikia wito wa kujiunga na chama cha Wasaidizi wa Utume. Hawa ni wanawake walei wanaojitoa kuishi bila kuolewa ili walitumikie Kanisa katikati ya watu. Si watawa wa nyumba ya kitawa, bali hukaa miongoni mwa wananchi wenzao na kufanya kazi kama wao. Kwa njia hiyo Bi Félicité aliuzoea utumishi usio na makuu, wa kutunza nyumba, kuwashauri wasichana, na kumpokea mgeni bila kumwuliza ametoka kwa nani.

JUMATANO YA WIKI YA PASAKA

Mwaka 1994 sikukuu ya Pasaka iliangukia tarehe 3 Aprili. Siku hiyo makanisa ya Rwanda yalijaa. Wakristo walikuwa ndio wengi mno katika nchi, na kwa sauti moja waliimba kwamba Bwana amefufuka na mauti yameshindwa.

Siku tatu baadaye, jioni ya Jumatano tarehe 6 Aprili, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ilipokuwa ikitua Kigali. Usiku huo huo mauaji yakaanza. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili Waziri Mkuu, Bi Agathe Uwilingiyimana, aliuawa, na askari 10 wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa, waliokuwa wametumwa kumlinda, nao wakauawa. Katika muda wa siku zipatazo mia moja, Watutsi waliuawa nchini kote, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Umoja wa Mataifa umekadiria waliokufa kuwa karibu 800,000, na Serikali ya Rwanda inataja zaidi ya milioni moja.

Gisenyi haikungoja. Ilikuwa ngome ya wakuu wa utawala wa wakati ule, na mauaji yalianza mjini asubuhi ile ile ya tarehe 7 Aprili. Wanamgambo walioitwa Interahamwe walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na mapanga na marungu. Huko Nyundo, waliokimbilia makao ya Kanisa walishambuliwa, na mapadre wengi wa jimbo waliuawa. Vizuizi viliwekwa barabarani. Kila aliyepita alitakiwa kutoa kitambulisho, na neno moja lililoandikwa ndani yake liliamua kama ataendelea na safari au la.

Hapa askari msomaji na atafakari jambo moja. Waliosimama kwenye vizuizi vile, wengi wao walikuwa wamebatizwa. Siku chache tu kabla ya hapo walikuwa wamepiga magoti pamoja na wale waliokuwa sasa wakiwaua. Makanisa ya Nyamata, Ntarama na Nyarubuye, ambayo watu waliyakimbilia wakiamini kwamba hakuna atakayemwaga damu mbele ya altare, yaligeuka kuwa machinjio. Baadhi ya viongozi wa dini walikufa pamoja na kondoo wao, na baadhi yao, kwa masikitiko makubwa, waliwatoa kondoo hao kwa mbwa mwitu. Miaka mingi baadaye, mwezi wa Novemba 2016, maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya waamini walioshiriki, na mwezi wa Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko naye aliomba msamaha alipoonana na Rais wa Rwanda mjini Vatikani.

Giza lililomzunguka Bi Félicité, basi, halikuwa giza la wapagani wasiomjua Mungu. Lilikuwa giza ndani ya nyumba yenye taa. Kuishi kama Mkristo mwenye matumaini katika hali hiyo kulikuwa kugumu zaidi kuliko kuishi miongoni mwa maadui wa imani, maana jina lile lile alilolitegemea ndilo lililokuwa midomoni mwa wauaji.

KITUO CHAGEUKA KIMBILIO

Watu walianza kuja Kituo cha Mtakatifu Petro. Walikuja usiku kwa kunyata, wakiwa wameacha nyumba zikiwaka moto na jamaa zao wakiwa chini. Bi Félicité aliwafungulia mlango. Hakufanya kikao kwanza, wala hakungoja maelekezo. Mgeni amefika, na kazi ya nyumba ile ilikuwa ni kupokea wageni.

Lakini hakuridhika na kuwaficha tu. Alijua kwamba nyumba inayojulikana na kila mtu haiwezi kuwa maficho ya kudumu. Mpaka wa Zaire ulikuwa karibu sana, na Goma kulikuwa na usalama. Kwa hiyo yeye na waliomsaidia walianza kuwavusha watu usiku, wachache wachache, kupitia njia za panya. Makumi ya watu walivuka kwa namna hiyo. Wanaume, wanawake na watoto walioonekana alfajiri wakiwa Goma walikuwa wamehesabiwa jioni yake miongoni mwa wafu.

Askari anayefahamu kazi ya doria ataelewa maana ya usiku ule. Kila msafara ulihitaji kuchaguliwa saa, kujua vizuizi viko wapi, kumnyamazisha mtoto mchanga asilie, na kumtegemea kiongozi wa njia asigeuke. Kisha Bi Félicité alirudi kituoni, na asubuhi akawakuta wengine wapya wakimngojea. Yeye mwenyewe, ambaye kitambulisho chake kingempitisha popote, hakuvuka ili abakie huko.

Jambo hilo halikuweza kufichika. Mji ni mdogo na macho ni mengi. Habari zilienea kwamba kituo kile kinawaficha watu na kuwatorosha. Vitisho vikaanza kumfikia.

BARUA YA NDUGU YAKE

Bi Félicité alikuwa na ndugu wa kiume aliyekuwa ofisa wa jeshi la serikali ya wakati ule, mwenye cheo cha kanali. Ndugu huyu alipata habari kwamba dada yake yumo hatarini. Akiwa mwanajeshi alijua vema zaidi kuliko raia yeyote jambo lililokuwa likija. Akampelekea ujumbe wa kumsihi aondoke kituoni ajiokoe, na njia ya kumtoa ilikuwapo.

Tusimdharau Bi Félicité kwa kudhani kwamba ujumbe ule haukumgusa. Ulitoka kwa mtu wa damu yake, na haukuwa na hila ndani yake. Hakuombwa amsaliti mtu yeyote kwa mkono wake. Hakuombwa amwonyeshe muuaji mlango. Alichoombwa ni kuondoka tu. Katika nyakati za giza shetani hamjii mtu mwema akiwa na panga. Humjia akiwa na sababu nzuri, na kumwonyesha kwamba kuondoka si kuua.

Bi Félicité alijibu kwa maandishi, na jibu lake limehifadhiwa. Alimshukuru ndugu yake kwa kutaka kumsaidia. Kisha akamweleza kwamba badala ya kuokoa maisha yake na kuwaacha watu 43 waliokuwa chini ya dhamana yake, amechagua kufa pamoja nao. Alimwomba awaombee wafike kwa Mungu. Alimpa salamu za kuwaaga mama yao mzee na ndugu yao mwingine. Aliahidi kwamba atakapofika kwa Mungu naye atamwombea. Akamtakia afya njema na kumshukuru tena kwa kumkumbuka. Aliongeza pia kwamba kama Mungu atawaokoa, kama wanavyotumaini, basi wataonana kesho.

Ndani ya barua hiyo fupi mna mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai pamoja. Anaaga kama mtu aliyekwisha kujua kwamba atakufa, na papo hapo anatumaini kuonana na ndugu yake kesho. Hakujidanganya kwamba hatari haipo. Wala hakuamua kwamba kwa kuwa hatari ipo, basi Mungu hayupo. Tena katika barua ile hakumlaani ndugu yake aliyekuwa akitumikia upande ule. Alimwahidi sala.

Tena aliwahesabu. Hakuandika kwamba wako watu wengi, au wakimbizi kadhaa. Aliandika idadi kamili, kama ofisa wa zamu anayejua hesabu ya walio chini yake. Wauaji walikuwa wamewageuza watu wale kuwa neno moja la kwenye kitambulisho. Yeye aliwarudishia hesabu ya watu wenye nyuso, mmoja mmoja, mpaka wa arobaini na tatu.

SIKU YA ALHAMISI

Siku ya Alhamisi, tarehe 21 Aprili 1994, wanamgambo walikuja kituoni. Wakimbizi pamoja na baadhi ya Wasaidizi wa Utume, wenzake Bi Félicité, walikuwa wamekwisha kujiweka tayari kwa sala. Waliamriwa kupanda basi. Walipelekwa kwenye makaburi ya mji, mahali palipokwisha kuchimbwa mashimo, ambapo watu wengi wa Gisenyi walikuwa wakipelekwa kuuawa. Mahali hapo pakajulikana kwa jina la Kifaransa la Commune Rouge, yaani Komyuni Nyekundu, kwa ajili ya damu iliyomwagika pale.

Ushuhuda uliokusanywa baada ya mauaji unaeleza kwamba hata pale kwenye makaburi Bi Félicité alipewa nafasi ya kubaki hai. Wauaji walijua ni dada wa nani. Walijua pia kitambulisho chake kinasema nini. Kwa mara ya pili mlango ulifunguliwa, na kwa mara ya pili hakupita. Hakukubali kutengwa na wale aliowapokea. Akauawa pamoja nao.

Hivyo ndivyo lindo lile lilivyokwisha. Hakuna kikosi kilichokuja kumpokea. Miezi mitatu baadaye, mwezi wa Julai, mji wa Gisenyi ulitekwa na majeshi ya RPF, na ule mpaka aliowavusha watu wachache wachache usiku ukavukwa mchana na mamia ya maelfu ya wakimbizi waliokimbilia Goma, wakiwamo wauaji waliochanganyika na wasio na hatia. Kipindupindu kikawangoja huko, na makumi ya maelfu walikufa.

TUMAINI NI NINI BASI?

Huenda msomaji akauliza: tumaini la mama huyu lilifaa nini? Aliandika kwamba wanatumaini kuokolewa, na hawakuokolewa. Mwingine ataongeza kwamba angeondoka angeweza kuwasaidia wengine mahali pengine. Maswali hayo ni ya haki, na hayajibiwi kwa maneno matamu.

Jibu la kwanza liko Goma. Wale waliovushwa usiku waliishi, na walioishi wakapata watoto. Kama Bi Félicité angekata tamaa siku ya kwanza, akisema kwamba mji wote umeoza na mtu mmoja hawezi kitu, hakuna hata mmoja kati yao ambaye angevuka. Mtu asiye na tumaini hachori njia ya usiku. Kwa maana hiyo tumaini lake halikuwa ndoto, bali lilikuwa nguvu za miguu.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Wale 43 walikuwa wamekwisha kukataliwa na serikali yao, na majirani zao, na baadhi ya wachungaji wao. Kama mtu wa mwisho aliyekuwa amewakubali naye angeondoka, kuondoka kwake kungewaambia kwamba ni kweli, wao si kitu, hata Mungu amewaacha. Kwa kubaki aliwanyima wauaji ushindi huo. Waliweza kuwaua, lakini hawakuweza kuwafanya wafe kama watu walioachwa. Kwa Mkristo, ambaye imani yake imesimama juu ya Mungu aliyekubali kuhesabiwa pamoja na waliohukumiwa, hilo si jambo dogo. Ndilo jambo lenyewe ambalo Kanisa lilikuwa limeliimba tarehe 3 Aprili.

Tumaini, kwa hiyo, si kuamini kwamba mambo yatakwenda vizuri. Tumaini ni kutenda lililo haki leo kwa kuwa Mwenye amri ya mwisho si yule mwenye panga. Hilo ndilo lililoandikwa katika jina la Niyitegeka tangu siku alipopewa.

FUNZO KWA WALIOVAA SARE

Sisi tuliovaa sare tunaishi kwa amri, na jeshi lisilotii si jeshi. Lakini historia ya Gisenyi inatufundisha kwamba si kila kitokacho kinywani mwa mkubwa ni amri. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwezi wa Novemba 1994 na kufanya kazi zake Arusha mpaka mwisho wa mwaka 2015, ilikuwa na kifungu wazi katika sheria yake: amri ya mkubwa haimwondolei mtendaji hatia, ingawa yaweza kufikiriwa katika kupunguza adhabu. Na kwa wakubwa nao, sheria hiyo ilitamka kwamba mkuu aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba walio chini yake wanatenda uhalifu, naye asiwazuie wala kuwaadhibu, anawajibika. Mkuu wa eneo la kijeshi la Gisenyi wa wakati ule alishtakiwa mbele ya mahakama hiyo. Rufani yake ilipoamuliwa mwezi wa Desemba 2011, alibakia na hatia kama mkuu kwa mauaji ya mjini Gisenyi, akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Yamkini mtu akasema kwamba ushujaa wa Bi Félicité ni wa watumishi wa Kanisa, nao askari ana mazingira yake. Basi na amtazame Kapteni Mbaye Diagne wa jeshi la Senegal, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali katika siku zile zile. Alikuwa Mwislamu, na hakuwa na silaha. Alipita kwenye vizuizi mara nyingi akiwasafirisha watu wachache wachache, akiwakabili wanamgambo kwa ucheshi, kwa sigara na kwa moyo mkubwa, na inaaminika kwamba aliokoa mamia. Tarehe 31 Mei 1994 aliuawa na kombora lililoanguka karibu na gari lake kwenye kizuizi. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliunda nishani ya ushujaa yenye jina lake. Mama wa Gisenyi na Kapteni wa Senegal walikuwa wa dini mbili na nchi mbili, lakini walilishika lindo moja.

Tukumbuke pia kwamba kizuizi cha barabarani ni chombo cha kazi yetu. Askari wa usalama barabarani, askari wa mpakani, askari wa doria, wote hudai kitambulisho na kusoma jina la mtu, kijiji chake na asili yake. Karatasi ile ile humlinda raia ikiwa mikononi mwa askari mwenye haki, na humuua ikiwa mikononi mwa askari aliyeuza dhamiri. Baada ya mauaji yale Rwanda iliondoa neno la kabila katika vitambulisho. Lakini hakuna serikali iwezayo kuliondoa katika moyo wa askari. Hilo analiondoa mwenyewe, kila asubuhi kabla ya kwenda zamu.

HESHIMA YA TAIFA

Rwanda huwaadhimisha mashujaa wake kila tarehe 1 Februari. Mashujaa hao wamepangwa katika madaraja. Daraja la kwanza, Imanzi, ni la Askari Asiyejulikana na la Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema. Daraja la pili huitwa Imena, nalo ni la watu waliotenda mambo ya kipekee kwa kujitoa kafara. Humo yumo Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa, yumo Michel Rwagasana, yumo Bi Agathe Uwilingiyimana, na yumo Félicité Niyitegeka.

Wamo pia wanafunzi wa shule ya Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 wanafunzi hao walivamiwa darasani na watu wenye silaha, wakaamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, wakashikilia kwamba wao wote ni Wanyarwanda, wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, na baadhi yao wakafa. Miaka isiyotimia mitatu ilikuwa imepita tangu Bi Félicité akatae kutengwa na watu wake kule makaburini. Vijana wale waliweza kuwa wajukuu zake.

Anayefika Rubavu leo huona ziwa lililotulia, watu wakivuka mpaka kwenda na kurudi Goma na mizigo yao kichwani, na askari wakikagua hati. Mjini humo pana kumbukumbu ya waliouawa Commune Rouge. Askari apitaye hapo na asimame kidogo, avue kofia, na kujiuliza kama angekuwa yeye ndiye aliyepelekewa barua ile, angeandika nini.

Wakati wa kulijibu swali hilo si siku ya hatari. Siku hiyo mtu hutoa tu jibu alilokwisha kulitayarisha miaka mingi kabla, kwa kumfungulia mlango kila mgeni aliyebisha. Bi Félicité Niyitegeka alikuwa amelitayarisha lake. Mungu amlaze mahali pema, yeye na wale wote aliowahesabu.